Koltani ni yetu, na hesabu pia

Wandugu, mwenzetu mmoja wa hapa Goma anatafuta masta ya utafiti: hisabati na habari za kwantiki. Watu wanamuuliza, “Utakula kwantiki?”

Sisi tunajibu hivi. Mwaka 2021 watafiti wa Princeton walionyesha kyubiti ya tantali ikishika habari kwa zaidi ya milisekunde 0.3, muda mrefu sana kwa chombo kama hicho. Tantali inatoka kwa koltani. Koltani iko Rubaya, na wanaoichimba tunawajua. Juu ya nini tubaki na jembe tu, mahesabu yafanyiwe kwingine?

Na hesabu yenyewe inaanza na daftari: matrisi, namba changamani. Shida ni ingine. Banki zilipofungwa Goma mapema 2025, franga za kujiandikisha zilikosa njia. Mwaka ukapotea.

Sasa yuko anajaza dosie tena. Mwenye kitabu cha aljebra, amuletee.