Cheti cha Mwendeshaji Mtambo wa Maji



Chama kinapomkabidhi mtu ufunguo wa nyumba ya pampu, huwa kimemkabidhi pia afya ya kila kaya inayotumia maji hayo. Ndiyo sababu nchi kadhaa humtaka mwendeshaji wa mtambo wa maji awe na cheti. Cheti hicho ni ushahidi kwamba mwenye nacho amefundishwa, amepimwa, na ameonekana anaiweza kazi. Pasipo mambo hayo matatu, kinabaki karatasi tu.

Mji wa Walkerton, jimbo la Ontario nchini Kanada, ulijifunza hayo kwa msiba. Mwezi Mei 2000 mvua kubwa ilinyesha, ikapeleka vijidudu vya samadi ya ng'ombe katika kisima kimoja kisicho na kina kirefu. Mji ulikuwa na wakazi wapatao 5,000. Watu kiasi cha 2,300 waliugua, na 7 wakafariki dunia.

Tume ya Jaji Dennis O'Connor ilichunguza chanzo chake. Iligundua kwamba waendeshaji walikuwa na vyeti, lakini walipewa kwa kuhesabiwa miaka ya kazi, bila kozi wala mtihani. Klorini iliyosalia katika maji ilipaswa isipungue nusu miligramu kwa lita baada ya dakika 15; badala ya kuipima kila siku, waliandika daftarini tarakimu za kubuni. Maabara ilipotoa taarifa kwamba maji yamechafuka, meneja aliificha. Wahenga walikwisha kunena: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Baada ya msiba huo, Ontario ilitunga sheria ya maji salama ya kunywa mwaka 2002. Sasa anayeanza kazi hiyo hufanya mtihani, kisha hujifunza kazini chini ya uangalizi. Vyeti vina madaraja 4, kwa kadiri ya ugumu wa mtambo, na kila baada ya miaka 3 huhuishwa kwa sharti la kuendelea na mafunzo.

Uzoefu ni mali, wala haufai kudharauliwa. Hata hivyo, mtu aweza kufungua na kufunga vali kwa miaka 20 asijue kwa nini klorini hutiwa. Basi chama chenye kisima, pampu na tangi kina wajibu wa aina tatu. Kwanza, kimgharamie mwendeshaji mafunzo, na kimpe nafasi ya kufanya mtihani. Pili, katibu alikague daftari la vipimo, na mara kwa mara kipimo kichukuliwe mbele ya kamati ili kilinganishwe na yaliyoandikwa. Tatu, anayeleta habari ya maji mabaya asiadhibiwe, bali asikilizwe siku hiyo hiyo, na wanachama waambiwe wachemshe maji.

Gharama ya kozi huonekana kubwa katika makisio ya mwaka. Walkerton ililipa zaidi.