Mchezo wa Televisheni Unaopima Msimamo wa Mwili

Maneno ya mfanyakazi wa shirika mbele ya familia zilizohama na viongozi wao



Mnakumbuka ugomvi wa siku ile ya kugawa unga. Kijana mmoja alisogezwa mbele ya mstari kwa sababu hawezi kusimama muda mrefu. Watu wakasema: "Anajifanya, kidonda si kilishapona?" Ngumi zikaanza. Mimi nilikuwa pale na daftari langu, na sikuwa na jibu. Kidonda cha risasi chaweza kufunga, lakini mguu ukabaki hauwezi kubeba mwili kama zamani. Hilo halionekani kwa macho. Je, laweza kupimwa?

Laweza. Katika maabara za ng'ambo hutumia sahani ya kukanyaga ambayo bei yake yaweza kupita dola 10,000. Hiyo tusiiote. Lakini mwaka 2007 kampuni ya Nintendo ya Japani ilianza kuuza ubao wa mchezo wa televisheni, Wii Balance Board, wa kufanyia mazoezi nyumbani. Huko Marekani uliuzwa chini ya dola 100. Unatumia betri nne ndogo kama za redio, na katika kila pembe yake kuna kipima uzito. Ukisimama juu yake, kila pembe inasema imebeba kiasi gani, na kompyuta inajua uzito wako umeegemea wapi. Hakuna mtu anayetulia kabisa; hata askari wa gwaride huyumba kidogo. Ubao unafuata kuyumba huko.

Watafiti wa Melbourne, Australia, walisimamisha watu 30 wenye miguu mizima juu ya ubao huo na juu ya sahani ile ya bei kubwa: mguu mmoja, miguu miwili, macho wazi, macho yamefumbwa, tena siku mbili tofauti. Mwaka 2010 walitangaza kwamba vipimo vilikaribiana sana. Mimi niliposoma nilicheka peke yangu. Kumbe kile tunachowagombeza watoto wa mjini kwamba ni kupoteza wakati!

Sasa msikimbie kuniandikia barua ya kuomba ubao. Ule wa Nintendo siku hizi hupatikana kama kitu kilichotumika tayari. Unahitaji kompyuta yenye programu yake, umeme, sakafu iliyo sawa, na mtu aliyejifunza kusoma matokeo. Tena, wale 30 hawakuwa watu wenye risasi mwilini wala mguu wa bandia.

Nawaomba viongozi jambo moja kwa nguvu zote: kipimo kisigeuzwe kuwa baraza la kuhukumu nani mwongo. Ubao unaonyesha mwili unavyoyumba, hauonyeshi nia ya mtu. Faida yake ni kwa mgonjwa mwenyewe: apimwe leo, afanye mazoezi, apimwe tena baada ya majuma kadhaa, na mtaalamu wa viungo aone kama anaendelea au anarudi nyuma.

Na tusiokuwa na ubao? Kuna kipimo cha kiti, kilichoandikwa na waganga tangu 1991. Mtu anaketi, anasimama, anatembea mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, anageuka, anarudi, anaketi. Saa ya simu yatosha. Mzee anayetumia sekunde 12 au zaidi yuko katika hatari ya kuanguka. Aonwe na muuguzi, na maji yake achotewe na kijana wa jirani. Mtu mwingine asimame karibu naye wakati wa kupima, asije akaangukia kipimo chenyewe.

Jumamosi nitakuja na kamba ya mita 3. Mwenye kiti imara cha kuegemea anitafute baada ya mkutano. Yule kijana nimekwisha kuongea naye; amekubali kuja, ila amesema hataki kupimwa mbele ya watu.