Ndege wa Mafunjo

Bwana wetu alituambia tuwatazame ndege wa angani. Wengi wetu tumesikia, lakini hatujatazama. Juzi alfajiri tulikwenda na rafiki zetu kwenye kinamasi cha Yala, mto unapokaribia Ziwa Victoria. Tulikaa kimya, jambo gumu kwetu wahubiri, hata tukamwona: mgongo mweusi, kifua chekundu, utosi wa manjano. Ndege huyu hukaa katika mafunjo tu. Yakifyekwa, hana pa kuhamia. Karibu nasi mama mmoja alikuwa akiyakata asuke mikeka, apate karo ya mwanawe. Tulikwisha kuandaa maneno ya kumkanya. Akatuashiria tunyamaze, akapita fungu moja bila kulikata. Ndani yake mlikuwa na kiota.