Barua Ilifika, Karo Haikufika



Haya niliwaambia vijana na wazazi Kitale, nikayarudia Bungoma. Sasa nakwambia wewe unayesoma.

Mara ya mwisho ulipompeleka mama hospitali, nesi aliyemhudumia alikuwa mtoto wa mtaa wetu? Wengi tutajibu la. Na KMTC iko hapa Kitale, iko Bungoma, iko Webuye. Watoto wetu wanapita getini kila siku.

Shida si akili. Diploma ya uuguzi inataka wastani wa C kwenye KCSE, Baiolojia na lugha zikiwa sawa. Si lazima A.

Namjua binti aliyepata zaidi ya hapo. Barua ya kuitwa chuoni ikaja. Baba anauza mitumba, akahangaika na karo kimya kimya kwa kuona haya. Sisi tulisikia siku ya kuripoti ishapita. Nafasi ikaenda. Na mwezi huo huo tulikuwa tumechanga pesa za zulia la msikiti. Sisemi zulia ni baya. Nasema hatukuuliza.

Kifungu cha 56 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali iweke mipango ya kuwapa walio wachache na waliotengwa nafasi maalum katika elimu na kazi. Si sisi Waislamu peke yetu. Waogiek wa Chepkitale na Wasengwer wa Cherang'any wanalilia haki hiyo hiyo. Lakini haki haibishi hodi. Unaifuata, tena mapema.

Basi tufanye hivi:

1. Kila msikiti uwe na mtu mmoja mwenye orodha ya watoto wa kidato cha nne.
2. Matokeo yakitoka, akae nao wajaze KUCCPS kabla haijafungwa.
3. Fomu za HELB na basari zijazwe barua ikifika, si wiki ya kuripoti.
4. Wewe nesi, wewe klinikoofisa, shika mkono mtoto mmoja. Mwambie ukweli wa zamu za usiku, hijabu wodini, na mitihani, mpaka amalize.

Mzazi, usione haya kusema karo imekulemea. Dada, kama cheti chako kimelala kabatini, kitoe leo, tuandikie inbox. Mwenye mia mbili, pia tuandikie.

Wabillahi tawfiq.