Mpeni Kijana Udi Aufurahie

Ndugu wasikilizaji, tangazo la wiki hii juu ya vijana kufundishwa muziki mmelisikia, na tangu juzi mmelichambua barazani kuliko tutakavyoweza kulichambua sisi hapa. Hatulirudii. Ala ni ajira, ajira ni utalii, utalii ni uchumi. Hayo ndiyo yaliyosemwa. Katika kituo hiki hakuna anayepinga kijana kulipwa kwa kazi ya mikono yake. Mpiga ganuni anakula kama tulavyo sisi, ana kodi ya nyumba, ana watoto skuli.

Linalotutia wasiwasi ni lile ambalo halikutajwa. Tangazo zima, toka mwanzo mpaka mwisho, halina neno raha. Halina neno furaha. Burudani imo, lakini ni ya kumburudisha mgeni; burudani ya yule mwenye ala mkononi haimo. Na katika hafla yenyewe ya kutangaza kwamba muziki wetu ni hazina, muziki uliosikika ukumbini ulitoka kwenye flashi. Flashi ilichomekwa, spika zikafunguliwa, taarabu ikalia bila mtu hata mmoja aliyeshika uzi. Tumelisema hili mwaka jana, tumelisema mwaka juzi, na leo tunalisema tena.

Sasa tuulizane. Mtu aliyeshinda kazini tangu alfajiri, usiku anapanda ngazi za klabu, anatoa fidla kwenye mfuko wake, anakaa saa mbili anarudia kipande kimoja mpaka kikae sawa. Anatafuta nini? Halipwi. Mara nyingi ni yeye anayelipa, maana uanachama una mchango wake, na uzi ukikatika anautafuta mwenyewe. Muulizeni, atawaambia: ananogewa. Basi. Hiyo ndiyo sababu, na ni sababu kamili, haihitaji kuegemezwa kwenye sababu nyingine ili isimame.

Na ndivyo muziki wetu ulivyoanza. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim huko Cairo akajifunze ganuni. Alimpeleka kwa sababu aliusikia muziki wa huko, akaupenda, akautaka karibu naye. Mwaka 1905 ikaundwa Nadi Ikhwani Safaa, na hapo raha ya jumbani ikawa raha ya watu waliochangishana, wakakaa pamoja, wakafundishana. Mwaka 1928 Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu, akasafiri na wenzake kwenda Bombay kurekodi santuri. Fedha ikaja, jina likaja, sifa ikavuka bahari. Lakini angalieni mpangilio wa mambo: raha ilitangulia, fedha ikafuata. Kwa Siti na wenziwe ala zilikuwa zimeshazoeleka mikononi, sauti imeshaiva, watu wameshakesha nazo usiku mwingi, ndipo kampuni ya santuri ikaja kugonga mlango. Tangazo la wiki hii limeupindua mpangilio huo. Linamwambia kijana wa miaka kumi na tatu aanze na fedha.

Akianza na fedha ataacha. Ataacha kwa sababu ala haina haraka. Chukueni ganuni. Ina nyuzi zaidi ya sabini, zimepangwa tatu tatu, na kila tatu lazima zitoe sauti moja isiyoachana hata kidogo. Mwanafunzi anaitua mapajani au mezani, anavaa pete kwenye vidole vyake viwili vya shahada na kubana humo vipande vya kupigia, na kabla hajapiga lolote anakaa kuikaza. Anakaza, anasikiliza, anakaza tena. Hewa yetu ya bahari ina unyevu, mbao zinavimba, nyuzi zinaachana, na kesho anaanza upya. Pembeni kuna vijikono vidogo vya chuma vya kupandisha na kushusha sauti katikati ya wimbo, na mkono lazima uvijue bila jicho kuvitazama. Mshahara gani utamkalisha mtoto mbele ya kitu hiki miezi sita kabla hajacheza wimbo mmoja wa kueleweka? Hakuna mshahara wa namna hiyo. Kitakachomkalisha ni ile siku nyuzi tatu zitakaposhikana zikawa sauti moja, naye akaisikia kwa masikio yake, akajua kwamba ni yeye aliyezishikanisha. Hapo ndipo anaponaswa, na akishanaswa hafukuziki.

Udi nao una lake. Shingo yake ni tupu, haina vigawanyo vya kukuonyesha kidole kitue wapi, kama vile vya gitaa. Kidole kinatafuta chenyewe. Leo kimepita, kesho kimepungua, na mwalimu anatikisa kichwa tu. Halafu jioni moja kinatua pale pale. Na udi unaupakata, tumbo lake limegusa kifua chako, hivyo sauti ile unaisikia kwa sikio na unaisikia mbavuni. Msikilizaji wa ukumbini, hata akiwa amekaa safu ya mbele, hilo halipati. Ni la mpigaji peke yake. Tunapowaambia vijana kwamba muziki ni wa kuwapigia watalii, tunawaficha sehemu tamu kuliko zote, ambayo mtalii hawezi kuinunua.

Kisha yako mambo ambayo sikio hujifunza lenyewe. Aliyekaa na makamu za bayati na rasti anajua kwamba kati ya sauti mbili za kinanda ipo sauti ya tatu isiyo na kitufe. Kodiani ya kawaida haina sauti hiyo. Kinanda cha kawaida cha umeme hakina. Fidla inayo, udi unayo, koo la bibi yako linayo. Kijana akishaipata kwa kidole chake, anarudi nyumbani, anamsikia bibi akiimba jikoni, na kwa mara ya kwanza anasikia ni kitu gani bibi anakifanya. Wimbo alioupuuza tangu utotoni unamfungukia. Hii ni elimu, wasikilizaji. Haina cheti, na flashi haiwezi kumpa mtu, maana flashi inakupa wimbo uliokwisha, umefungwa, huna pa kuingilia.

Tena kuna raha ya kupiga pamoja, na hapa tungependa mtuvumilie kidogo. Katika kundi la taarabu fidla tatu au nne zinapiga mstari mmoja, na ganuni inaupita mstari huohuo kwa njia yake, yenye madoido mengi zaidi. Kodiani inajaza, besi inashikilia chini, dumbaki na rika zinasukuma. Mpigaji mchanga huja na hamu ya kusikika. Wiki za mwanzo anapiga kwa nguvu, anawahi, anawafunika wenzake. Hakuna anayemgombeza. Polepole anagundua kwamba anapopunguza, kundi zima linamjia masikioni, na sauti yake imo ndani haijapotea. Watu wazima wengi wamekaa kwenye vikao maisha yao yote hawajajifunza kusikiliza namna hiyo. Mtoto wa skuli anajifunza, kila jioni ya mazoezi, pamoja na wazee wa rika la babu yake, na mzee akikosea mtoto anasikia, na mtoto akikosea mzee anamsubiri.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya wenye uwezo, kwamba ganuni ni ghali na fidla ni ghali. Ni kweli, ni ghali. Lakini waliokosa uwezo katika visiwa hivi hawakukaa bila muziki. Walitengeneza kidumbaki. Ngoma mbili ndogo, fidla moja, cherewa, mkwasa wa kugonganisha, na kwa besi wakachukua sanduku la chai, wakalipindua, wakasimamisha kijiti, wakavuta kamba moja. Kamba moja! Kwa kuinamisha kijiti na kukinyoosha, mpigaji anapata sauti zake zote, na arusi inachezeka mpaka watu wasahau njaa. Aliyelibuni sanduku hakuwa na fungu la fedha wala mradi. Alikuwa na hamu. Na hamu ikiwapo, ala hupatikana.

Tuwe waadilifu: hamu peke yake hailipi walimu. Chuo cha muziki cha Dhow Countries, kilichoanzishwa mwaka 2002 na kufundisha miaka mingi ndani ya jengo la zamani la Forodha pale mbele ya bahari, kimelea wapigaji ambao leo tunajivunia majina yao, na mwaka 2019 kilifika ukingoni mwa kufungwa kwa kukosa fedha. Dunia nzima iliandika habari hiyo. Sisi tulikuwa hapahapa, tukipita mbele ya madirisha yake, tukisikia watoto wakikaza nyuzi. Fedha inatakiwa, tena nyingi. Itumike kumlipa mwalimu kila mwezi bila kumzungusha, kununua nyuzi, kutengeneza fidla zilizobanduka gundi, kuacha taa zikiwaka darasani baada ya skuli. Huko ndiko fedha iende. Kumwahidi mtoto utajiri ni jambo jingine, na ahadi hiyo itakapokosa kutimia mtoto ataitupa ala pamoja na ahadi.

Nanyi wazazi mnaosema muziki unamla mtoto wakati wa masomo, tunawasikia. Mtihani upo na lazima upite. Lakini mtoto huyo tayari ana saa mbili za simu kila usiku, na hizo hatujawasikia mkizihesabu.

Bibi yetu Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu aliyefariki Aprili 2013, alipiga ngoma uzeeni, umri ambao wengine wanasaidiwa kusimama. Mtu hapigi ngoma umri ule kwa ajili ya posho. Alipiga kwa sababu bila ngoma asingekuwa yeye. Tumeweka picha yake kwenye mabango, kwenye fulana, kwenye kuta za mahoteli. Na katika ukumbi wenye picha hiyo tunachomeka flashi! Tunamtundika ukutani, kisha tunachomeka flashi!

Basi inatosha. Wakubwa wetu, kuanzia hafla ijayo, tunataka watu jukwaani. Watu! Wenye jasho, wenye makosa, wenye nyuzi zinazokatika katikati ya wimbo. Mkiwa mna fungu la maua na fungu la maji ya chupa, mna fungu la wapigaji sita. Msituambie hakuna wapigaji, nendeni Ikhwani Safaa, nendeni klabu ya Culture, nendeni mashamba mkawatafute watu wa kidumbaki, wapo, wanasubiri kuitwa. Na mtakapoandika mtaala wa hao vijana, andikeni ndani yake, kwa wino, kwamba mtoto atapewa muda wa kupiga bila kupimwa, bila kushindanishwa, bila mgeni wa kumtazama. Apige kwa sababu ananogewa.

Nawe msikilizaji uliyejiambia umri umekwenda, umri haujakwenda. Mazoezi ya klabu huwa usiku, baada ya isha, na ngazi zile hazimwulizi mtu miaka yake. Nenda ukakae, usikilize, wakikuzoea omba ushike. Vidole vitauma wiki mbili za kwanza, halafu ngozi itakomaa.

Na wewe ambaye marehemu baba yako alikuachia udi, ukautundika ukutani sebuleni mpaka mende wakaweka makazi ndani, ushushe leo hii. Usiuuze kwa duka la vitu vya kale. Ufute vumbi, uupeleke kwa fundi akautazame ufa, uutie nyuzi mpya, kisha mtafute kijana mmoja mtaani kwako, wa kike au wa kiume, umwazime. Usimwambie utamtajirisha. Mwambie udi upo, aje auchukue, na akitaka kujua unashikwa vipi kuna mzee klabuni atakayemwonyesha bila malipo.