Chakula Kwenye Kiti cha Dayalisisi



Mgonjwa wa figo ambaye hajafikia mashine ya dayalisisi huambiwa apunguze nyama, mayai na maharagwe. Miongozo ya lishe ya figo ya KDOQI ya Marekani ya mwaka 2020 humwekea, kama hana kisukari, gramu 0.55 hadi 0.60 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Akianza kusafishwa damu, kiwango hupanda hadi gramu 1.0 mpaka 1.2, kwa kuwa chujio linalotoa sumu huondoka pia na asidi amino, takriban gramu 6 hadi 12 kila kikao. Agizo la kwanza lisipofutwa waziwazi, mgonjwa huendelea kuliogopa yai analolihitaji.

Tupige hesabu. Mtu wa kilo 50 aliye kwenye dayalisisi anahitaji gramu 50 hadi 60 za protini kwa siku. Yai lina takriban gramu 6. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa, 15. Gramu 100 za samaki, 20. Mayai mawili, maharagwe, kipande cha samaki wa Ziwa Nakivale na posho vinamfikisha. Hapa Ankole tungekimbilia maziwa, lakini yana fosforasi nyingi, ambayo mashine huiondoa kwa shida. Mukene, yaani dagaa, anayeliwa na mifupa yake ni vivyo hivyo. Ute wa yai una fosforasi kidogo mno. Maharagwe yachemshwe na maji yake yamwagwe, potasiamu ipungue. Posho na mafuta visikosekane: mwili ukikosa nguvu, huichoma protini kama kuni.

Hesabu hiyo ni nyepesi ukumbini, nzito katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Mei 2025, kwa uhaba wa fedha, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisitisha msaada kwa wakimbizi wapatao milioni 1 nchini Uganda. Mama wa Kikongo au wa Kisomali mwenye sufuria moja na watoto watano hawezi kumtengea mgonjwa samaki peke yake. Tukimpa ushauri tu, tumemwongezea mzigo.

Kwa hiyo napendekeza mgonjwa aliyedhoofika alishwe palepale kitini, kila kikao, chini ya macho ya muuguzi. Wachache ambao shinikizo lao la damu hushuka wakila, wapewe kabla au baada. Dripu za lishe za gharama si lazima: utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2007 uliofuatilia wagonjwa 186 kwa miaka 2 haukuona dripu ikirefusha maisha kuliko lishe ya nyongeza ya kunywa peke yake. Vinywaji vya viwandani vikikosekana, mayai mawili ya kuchemsha ni gramu 12, karibu sawa na kilichopotea.

Siku za katikati ya vikao nazo zina njaa yake. Kadi ya mgonjwa iandikwe uzito na gramu zake za protini, na wanaogawa msaada Nakivale waitambue kadi hiyo kama wanavyotambua cheti cha dawa.