Mbunge Akileta Fedha, Tumwulize Nini?

(Maneno yaliyosomwa na mfanyakazi wa reli mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimeombwa niseme machache juu ya mbunge na fedha za Serikali. Jambo hili latuhusu sana. Mbunge akisimama mbele ya watu akasema, "Nimewaletea barabara," sisi ndio tunaopiga makofi, na sisi ndio tunaokwenda kuichimba barabara hiyo. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi, na wabunge waijua sana methali hiyo. Lakini yafaa na sisi tujue mkono ule umejazwa na nani.

Mfano wangu nautoa Marekani, kwa sababu kule wamegombana juu ya jambo hili hadharani kwa miaka mingi. Nchi ile ni shirikisho. Kila jimbo lina serikali yake, na juu yao iko Serikali kuu mjini Washington. Katiba yao yakataza fedha kutoka katika hazina ila kwa sheria iliyopitishwa na Bunge. Bunge lina Baraza la Wawakilishi, watu 435, na Seneti, watu 100. Kila mmoja wao ana watu nyumbani wanaotaka daraja, hospitali au maji, na wote wanavuta mfuko mmoja.

Kwanza nitataja mtu aliyejua kuvuta. Seneta Robert Byrd wa jimbo la West Virginia alilelewa katika nyumba ya mchimba makaa ya mawe. Alikaa katika Seneti tangu mwaka 1959 mpaka alipofariki mwaka 2010, na kwa miaka mingi alikuwa mwenyekiti wa kamati inayogawa fedha. Mwaka 1981 gari la moshi la abiria liitwalo Cardinal, lililopita katika milima ya jimbo lake, lilisimamishwa. Byrd alipigania jambo hilo katika Bunge, na mwezi wa Januari 1982 gari likarudi, likisafiri siku 3 kwa wiki. Tena alisaidia kulifanya shirika la upelelezi la FBI lijenge nyumba ya kutunza alama za vidole karibu na mji wa Clarksburg. Ilifunguliwa mwaka 1995. Kazi ile ni ya taifa zima, na mishahara yake inaliwa West Virginia. Wapinzani walimlaumu kwamba avutia mno kwao, lakini hapo faida ya nyumbani na faida ya nchi zilikutana.

Sasa sikieni zilipokosa kukutana. Mwaka 2005 Bunge lilipitisha sheria kubwa ya barabara, na ndani yake wabunge walitia maombi yao zaidi ya 6,000. Moja lilikuwa la dola milioni 223 kwa daraja katika jimbo la Alaska, kutoka mji wa Ketchikan mpaka kisiwa cha Gravina. Kisiwani waliishi watu kama 50 tu. Tuwe wa haki: uwanja wa ndege wa mji uko kisiwani humo, na watu huvuka kwa kivuko, kwa hiyo hawakuomba upuuzi mtupu. Lakini mwezi wa Agosti mwaka huo huo tufani ya Katrina iliipiga New Orleans, ikavunja daraja kubwa la barabara kuu iingiayo mjini. Mwezi wa Oktoba Seneta Tom Coburn wa Oklahoma alitaka fedha za Alaska zipelekwe kulijenga daraja lile. Seneta Ted Stevens wa Alaska alisema kwamba wakifanya hivyo atajiuzulu. Kura zilipohesabiwa, 15 walikubali na 82 walikataa.

Kwa nini wengi hivyo walikataa? Kila mmoja aweza kuona mwenyewe. Mwenye ombi lake ndani ya sheria ile ile ataogopa kugusa ombi la mwenzake, maana kesho litaguswa lake. Baadaye Bunge liliondoa amri ya kujenga daraja lile, lakini fedha zikaachiwa jimbo la Alaska. Mwaka 2007 serikali ya jimbo ikauacha mpango huo.

Makelele yalikuwa makubwa, na mwaka 2011 Bunge lilizuia maombi ya namna hiyo. Mwaka 2021 yakarudishwa kwa masharti. Katika Baraza la Wawakilishi kila mjumbe aliruhusiwa mwaka huo kuomba mambo 10, si zaidi. Ilimpasa kuyatangaza yote hadharani, na kutia sahihi kwamba yeye na jamaa zake hawana faida ya fedha ndani yake. Kampuni za kutafuta faida hazikuruhusiwa kupata kitu. Ilimpasa pia kuonyesha kwamba watu wa mahali pale ndio wanaolitaka jambo lenyewe. Wenzangu, shikeni sharti hili la mwisho. Ombi jema huanza chini, kwa watu, kisha mbunge hulichukua juu. Mbunge ni mchukuzi wa mzigo. Mwenye mzigo ni wewe mlipa kodi.

Hapa kwetu Kenya njia ilikuwa nyingine. Sheria ya CDF ya mwaka 2003 ilikata asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya Serikali na kuyagawia maeneo yote ya uchaguzi. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilisema kwamba sheria ya CDF ya mwaka 2013, iliyofuata ile ya kwanza, ilivunja Katiba. Njia ni mbili, lakini swali la mfanyakazi ni moja: fedha zikifika, yule mwenye sururu atapata nini?

Juu ya swali hilo Marekani wana jibu la zamani. Mwaka 1927 Serikali kuu ilitaka kujenga hospitali ya askari wa zamani huko Long Island, katika eneo la mbunge Robert Bacon. Kontrakta wa Alabama alipata kazi kwa bei ya chini, akaja na watu wake kutoka huko kwa mshahara mdogo. Hospitali ilikuja, na mafundi wa pale wakabaki wakitazama. Bacon alishirikiana na Seneta James Davis, mtu aliyefanya kazi ya tanuri la chuma katika ujana wake, na mwaka 1931 ikapita sheria yenye majina yao: katika majengo ya Serikali kuu mfanyakazi asilipwe chini ya mshahara wa kawaida wa mahali pale. Mwaka 1956 kanuni hiyo ilitiwa katika kazi za barabara kuu za nchi nzima.

Nisifiche upande wa pili. Wengi wa wale watu wa Alabama walikuwa weusi, na baadhi ya wabunge waliisemea sheria hii kwa maneno ya ubaguzi. Hilo ni onyo kwetu. Mtu aliyeletwa kwa mshahara mdogo si adui. Dawa si kumfukuza, bali alipwe sawa na wewe, ndipo kontrakta akose sababu ya kumtumia kukupiga.

Basi mbunge akija na habari njema, tumpokee kwa heshima, kisha tumwulize mambo manne. Nani aliomba kazi hii? Hesabu zake zimebandikwa wapi? Mafundi na vibarua watalipwa kiasi gani, na kwa mapatano gani? Na baada ya utepe kukatwa, nani atalipa matengenezo? Sisi wa reli twajua hilo la nne. Njia ya reli haisimami kwa sababu ya sherehe ya kuifungua. Husimama kwa sababu kila asubuhi yuko mtu anayekagua mataruma na kukaza misumari, naye lazima alipwe kila mwezi.

Naomba tawi letu liandike maswali hayo sasa, kabla ya mkutano wa hadhara, na yapelekwe yakiwa na sahihi zetu. Makofi yanasahauliwa jioni ile ile, lakini barua yenye sahihi hubaki katika faili. Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu, maana fedha hizo zilikatwa katika mishahara yetu kabla hazijawa zawadi ya mtu.